Mtani wa Mtu wa Ngazi

Utani haugawiwi kama pipi. Nililijua hilo tangu utotoni, kwetu Handeni, na bado nilimgawia Mwingereza mmoja wa miaka themanini na minne, katika chumba namba kumi na tisa cha nyumba ya wazee ninakofanya kazi, mwendo wa dakika kumi kutoka stesheni ya Cabramatta, hapa Sydney. Mume wangu Zubeir alinionya mapema. Yeye ni mtu wa Tanga mjini, huku anaendesha lori la makontena pale Port Botany, na akikaa sana kwenye foleni ya bandarini hurudi nyumbani na methali. "Mzaha mzaha hutumbuka usaha," aliniambia. Nikamwambia aendeshe lori lake.

Huyo Mwingereza aliitwa Leonard Tapsell, lakini hapa Australia hakuna bwana wala bibi, kila mtu ni jina lake la kwanza, basi tukamwita Len. Aliletwa kwetu baada ya kuanguka na kuvunjika nyonga, na moyo wake ulikuwa umechoka tangu kabla ya hapo. Wiki nzima hakumjibu mtu. Wenzangu wakaandika kwenye faili lake kwamba akili imeanza kumpotea. Mimi ndiye niliyepangiwa kumwosha na kumnyoa asubuhi, na siku ya nane, nikitandika kitanda chake, nikakuta kitabu chini ya mto.

Kilikuwa kitabu chembamba cha maswali na majibu, kazi ya mashabiki wa kipindi kimoja cha vichekesho cha televisheni ya Uingereza. Jina la kipindi, nikilitia katika Kiswahili, ni Kabati la Jumanne. Kilionyeshwa tangu mwaka sitini na nane hadi sabini na mbili, vichekesho vifupi vifupi visivyo na kichwa wala miguu: askofu anauza samaki mahakamani, wanajeshi wanagombania kijiko, wanaume wazima wamevaa magauni na wanabishana na kabati. Mashabiki wake sasa ni wazee, na bado wanahesabu kila kitu kilichoonekana humo. Maswali yalikuwa mia moja. Nilipokuwa nampaka Len povu la kunyolea nikasoma moja kwa sauti, kujiondolea ukimya tu. Swali la nne: ngazi ilikuwa na vipandio vingapi?

"Saba," Len akasema. "Cha sita kilikuwa na ufa. Nilikifunga waya mwenyewe."

Nikabaki na wembe hewani. Siku nane mtu huyu hakuwa ametamka hata "maji". Nikasoma la tano: kofia ya Mtu wa Ngazi ilitoka wapi?

"Ya mtunza stoo aliyekufa. Hakuna aliyekuja kuichukua."

La kumi na moja: kwa nini katika onyesho la kumi na nne Mtu wa Ngazi anabebea bega la kushoto?

"Kwa sababu siyo mimi. Nilikuwa na matubwitubwi."

Mtu wa Ngazi ndiye aliyekuwa kichekesho cha vichekesho vyote. Katikati ya kila onyesho, liwe la chumba cha kulala, la nyambizi au la mbinguni, mwanamume mwenye kofia nyeusi ya duara na masharubu mazito ya bandia alipita nyuma ya waigizaji na ngazi begani, kutoka kulia kwenda kushoto, kimya, bila kumtazama mtu. Basi, ni hilo tu. Watazamaji walimngojea kuliko walivyowangojea waigizaji wenyewe. Na jina lake halikuandikwa hata mara moja mwishoni mwa kipindi, maana hakuwa mwigizaji. Len alikuwa seremala wa studio. Siku ya kwanza alidhani wamemaliza kurekodi, akaenda kuchukua ngazi yake, watu wakacheka mpaka wakajishika mbavu, na mkubwa wa kipindi akamwambia arudie wiki ijayo.

Nikaenda kwa wenzangu nikawaambia wafute walichoandika. Mzee yule akili yake ilikuwa timamu kuliko ya meneja wetu, ila hilo la meneja sikulisema.

Tangu hapo asubuhi zetu zikawa za wembe na maswali. Tulizungumza Kiingereza, bila shaka. Siku moja ya baridi akaniambia mikono yangu ni ya baridi kama ya maiti. Ulimi wangu haujawahi kunisubiri. "Naizoeza," nikamjibu, "zamu yako iko karibu."

Neno likishatoka halirudi. Katika nyumba ile watu wamefukuzwa kazi kwa madogo kuliko hayo. Len alinikodolea macho, kisha akacheka, akacheka mpaka povu likamwingia puani, nikalazimika kumkalisha na kumfuta. Alipopata pumzi akauliza ni wapi duniani watu wanafundishwa kumwambia mgonjwa maneno kama yale. Ndipo nikamweleza utani.

Nilimwambia kuwa sisi Wazigua tuna watani wetu, Wanyamwezi. Mtani hutukanwa na hakasiriki, huchukua kitu chako nawe huwezi kumshitaki. Akaniuliza utani unatoka wapi. Nikasema wengine wanautoa kwenye safari za zamani, wengine kwenye vita. Wangoni, kwa mfano, wanataniana na karibu kila kabila walilolipiga. Len akafikiri kidogo. "Na sisi tuliowatawala?"

"Miaka arobaini na ushee," nikasema. "Kama hiyo haileti utani, sijui inaleta nini."

"Basi mimi ni mtani wako," akasema, na neno hilo moja la Kiswahili akalitamka sawasawa kuliko meneja anavyotamka jina langu, Amne.

Kuanzia siku hiyo nikiingia ananiita "Mtani!", nami namwuliza kama bado yupo au nimwite seremala wa majeneza. Nilipomsimulia Zubeir ndipo aliponitolea ile methali yake. Akasema utani hurithiwa, hauvaliwi kama shati la mtumba. Sikumsikiliza. Kosa langu halikuwa matusi. Kosa langu ni kwamba siku nyingine, nikimkata kucha, nilimweleza Len kazi ya mtani msibani.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja babu yangu alipofariki. Wakati jeneza linataka kutoka nyumbani, Mnyamwezi mmoja, mtani wetu, alikuja amevaa kanzu ya babu nyuma mbele. Akatembea kama babu, akakohoa kama babu, akajilaza kizingitini ili jeneza lisipite. "Nitaondoka," akasema kwa sauti kubwa, "ila niambieni kwanza, nani anapeleka taarifa Korogwe?" Korogwe babu alikuwa na mke mwingine. Kila mtu alijua, na hakuna aliyewahi kulitaja mbele ya bibi. Kisha bibi, ambaye kwa siku mbili hakutoa hata chozi, akacheka. Akacheka mpaka wakamshika, na kile kicheko kikageuka kilio, na ndipo babu akazikwa akiwa mtu kamili, na Korogwe yake.

"Mtani hadanganyi msibani," nilimwambia Len. "Anayasema yale ambayo ndugu hawawezi, na watu wa nyumbani hawana ruhusa ya kukasirika."

Len hakucheka. Aliniuliza mara mbili kama ni kweli kwamba hawana ruhusa ya kukasirika.

Alikuwa na mtoto mmoja, Bridget, mwanamke wa miaka sitini, mrefu, mwenye nywele za mvi zilizokatwa fupi. Alikuja kila Jumapili saa nane mchana, akaketi kwenye kiti cha dirishani kwa saa moja, akamwuliza baba yake kuhusu chakula na dawa, akaondoka. Sikuwahi kumwona akicheka, wala Len hakumchokoza hata kidogo, yeye aliyekuwa akimchokoza kila anayeingia na ndoo. Bridget alikuwa amefundisha watoto viziwi zaidi ya miaka thelathini, na kazi haikumtoka: ukisema naye hakutazami machoni, anakutazama mdomo. Mara ya kwanza nilijipangusa nikidhani nimebaki na chakula. Akaniomba radhi, akasema ni mazoea, husoma midomo hata ya watu walio ng'ambo ya barabara.

Mwezi wa Julai maji yakaanza kumjaa Len miguuni, na daktari akatuambia tusimsumbue kwa hospitali. Maswali yote tulikuwa tumeyamaliza na kuyarudia, isipokuwa moja. Kila tukilifikia alisema, "Ruka." Asubuhi moja, nusu ya uso wake ikiwa imenyolewa, akasema, "Leo soma la mia."

Nikasoma. Katika onyesho la mwisho kabisa Mtu wa Ngazi anasimama katikati, anageuka, anaitazama kamera kwa mara ya kwanza katika miaka minne, na midomo yake inasogea chini ya masharubu bila sauti. Alisema nini? Jibu la kitabu lilikuwa neno moja, haijulikani, na baada yake kurasa nne za kubahatisha. Mmoja anasema ni sala. Mwingine anasema ni tusi kwa mkubwa wa kipindi. Wa tatu anaapa alikuwa anamuaga malkia.

"Nilisahau njia," Len akasema. "Siku hiyo walijenga ukuta mpya, na mlango kila upande. Nikamwuliza mpiga picha: kushoto au kulia? Akaniashiria kushoto. Nikaenda."

Nilicheka. Miaka hamsini watu wanaumiza vichwa kwa hilo! Lakini yeye alikuwa analia, machozi yakipita katikati ya povu.

Mwaka uleule kipindi kilipokwisha, Len alimwacha mkewe na mtoto wa miaka minane, akaja Sydney kujenga majukwaa ya tamthilia. Kwa miaka kumi na sita alituma kadi moja tu. Kwenye kadi hiyo alimwandikia Bridget: uliniona siku ya mwisho? Niligeuka nikasema jina lako. Mtoto akaiamini. Alipofika miaka ishirini na minne akapanda ndege, akaja kumtafuta baba aliyesema jina lake mbele ya Uingereza nzima, na hajarudi kwao tena. Alijenga maisha yake huku, karibu na mtu aliyemtoroka.

"Siku nilipompokea uwanjani nilimwuliza kama aliwahi kukitazama tena kile kipindi," Len akasema. "Akasema hapana, hata mara moja. Kila Jumapili anakuja kwa ajili ya neno lile, Amne. Nilitaka kumwambia mwaka wa kwanza. Halafu wa pili. Sasa nitakufa nalo. Wewe mtani wangu. Lisemwe msibani, kama lile la Korogwe."

Nilikasirika, tena sana. "Mwoga wewe," nikamwambia. "Jumapili anakuja. Una mdomo."

Jumapili nikajitafutia kazi ya kukunja taulo kabatini mwake. Len akamwita, "Bridget." Bridget akainua kichwa, akamtazama mdomo. Nikaacha kukunja. Mzee akapumua mara mbili tatu, kisha akasema mvua imepotea kabisa siku hizi. Ilikuwa imenyesha jana yake kutwa nzima. "Ndiyo, Baba," Bridget akajibu, "imepotea." Walipoachana, Len alinitazama mimi, siyo yeye, nami nikaitikia kwa kichwa. Hivyo ndivyo nilivyoahidi.

Alifariki Alhamisi, baada ya chai ya saa nne. Nikaomba nimwandae mimi. Nilimwosha, nikampaka povu, nikamnyoa mara ya mwisho polepole, kidevu, mashavu, chini ya pua. Mikono yangu ilikuwa ya baridi na yeye alikuwa wa baridi zaidi, na hakuna aliyenichokoza. Nililia kama nilivyolia kwa babu, na wala sikujificha.

Bridget alikuja kuondoa vitu. Havikujaa hata masanduku mawili. Akanipa kofia nyeusi ya duara, iliyoliwa na nondo ukingoni. "Ameandika kwenye karatasi kwamba hii ni ya mtani," akasema. "Nimeuliza, wamesema ni wewe. Maana yake nini?"

"Rafiki wa matusi," nikamjibu.

Akaishika ile kofia muda kidogo kabla ya kuiachia. "Alikuwa akikuambia mambo?"

"Mengi. Ya upuuzi mengi."

Akasema ibada ya kumuaga itakuwa Jumanne, saa tano asubuhi, kwenye kanisa dogo la makaburini kule Lidcombe, kabla ya kuchomwa mwili. Dakika kumi. Hapatakuwa na hotuba, maana hakujua aseme nini.

Nyumbani nikamwambia Zubeir yote. Hakutoa methali. Alizima televisheni, jambo ambalo halifanyi hata nikiumwa.

"Amne, huyo mama amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Nimeahidi."

"Umemwahidi maiti. Innalillahi, maiti amepumzika, hana shida. Mwenye shida ni aliye hai. Ana kitu kimoja tu kutoka kwa baba yake, na wewe unakwenda kumpokonya mbele ya watu. Kisha yule mama a-complain kazini kwako, u-lose job, ukose na amani. Siri ya maiti huzikwa na maiti."

"Na mtani hadanganyi msibani."

"Wewe siyo mtani wake. Ulijipa."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi. Usiku ule na uliofuata nililala kidogo. Nikifumba macho namwona Len akisema habari za mvua. Nikifumbua namwona Bridget akiwa na miaka minane, ameshika kadi. Nikaamua nitakwenda na kofia na ngazi, nitafanya kituko, watu wacheke, basi. Lile neno nitaliacha. Kesho yake nikaamua kinyume. Kwenye kioo cha bafuni nilivaa kofia nikajaribu midomo, mara hivi, mara vile, na ndipo nikaona jambo. Jina la Bridget linaanza kwa midomo kukutana. Huwezi kulisema ukiwa umeiacha wazi. Lakini kwa Kiingereza chao, ukiuliza kushoto au kulia, midomo haikutani hata mara moja.

Ngazi niliiazima kwa Habonimana, Mrundi anayetengeneza vitu vyote vinavyoharibika kazini kwetu. Alikuwa juu yake, anakaza bawaba ya mlango wa jiko.

"Dada Amne, ngazi ya kazi haitoki hapa bila paper," akasema. "Unaenda kupaka rangi?"

"Naenda kwenye kilio cha Len."

Akashuka, akafuta vipandio kwa kitambaa, akanipa. "Kwa kilio, alors, chukua. Ila hiki cha juu kinacheza. Angalia mkono."

Nikapanda nayo treni Jumanne asubuhi, kofia imo ndani ya mfuko wa dukani. Uzuri wa watu wa Sydney ni kwamba hawaulizi. Kijana mmoja alisogeza miguu ngazi ipite, akaendelea na simu yake.

Kanisani walikuwemo watu kumi tu. Bridget peke yake kwenye kiti cha mbele, wenzangu wawili wa kazini, majirani wachache, na nyuma kabisa wazee wawili wa kiume waliovaa tai zilizochorwa makabati madogo. Hao nikawajua bila kuambiwa. Jeneza lilikuwa mbele, jepesi, la mbao isiyopakwa rangi. Mama aliyeongoza ibada akasema mahali alipozaliwa Len na kazi aliyofanya, akatuomba tukae kimya kidogo kumkumbuka. Nami nikatoka na kuzunguka nje hadi mlango wa pembeni, upande wa kulia.

Nikavaa kofia. Nikaweka ngazi begani, bega la kulia. Nikasema Bismillahi, nikaingia.

Nilitembea kama Len alivyonielekeza siku za furaha, magoti magumu kidogo, macho mbele, kama mtu anayewaza kazi nyingine. Nilisikia mmoja wa wale wazee wa nyuma akivuta pumzi, kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyemwona mtu wake, na mwenzake akamfuata. Wenzangu wa kazini walishika vinywa. Mama wa ibada alisimama na karatasi yake, hajui anifukuze au anipishe. Nilipita nyuma ya jeneza. Sikumtazama mtu.

Katikati nikasimama. Nikageuka. Bridget alikuwa amekaa wima kama mtu anayesubiri sindano, na macho yake hayakuwa kwenye kofia wala kwenye ngazi. Yalikuwa kwenye mdomo wangu. Wengine wote mle ndani wangeona midomo ikisogea tu. Yeye peke yake angesoma. Nilikuwa bado sijaamua, Mungu ni shahidi. Ningeweza kuikutanisha midomo yangu, nikampa jina lake mara ya pili, akaenda nalo nyumbani. Ilikuwa rahisi hivyo. Kisha nikamkumbuka bibi yangu, siku mbili bila chozi, na watu wazima kumi na wanne ndani ya nyumba wakimlinda kwa kunyamaza.

Sikuikutanisha. Nikauliza, bila sauti: kushoto au kulia?

Uso wa Bridget haukubadilika. Nikajua nimemwua mtu. Nikageuka upande wa kushoto nitoke, na huko hakuna mlango, kuna ukuta na shada la maua, ikanibidi nisimame pale na ngazi yangu nikiutazama ukuta. Wale wazee wa nyuma wakacheka zaidi, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Kisha nikasikia viatu vya Bridget vikija.

Akasimama karibu sana nami, akaongea chinichini. "Alikuambia."

"Ndiyo. Aliniomba. Nisamehe."

"Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja," akasema. "Walikirudia kile kipindi. Nilikuwa chuoni najifunza kazi hii. Picha mbaya, masharubu, mtu mwingine angebisha. Lakini jina langu linafunga midomo, na yake haikufungwa. Nililia wiki nzima."

Sikuelewa kwa haraka. Nikahesabu. "Na huku ulikuja ukiwa na…"

"Ishirini na minne. Nilijua kabla sijapanda ndege."

"Sasa ulikuja kufanya nini?"

Alilitazama jeneza. "Mtu asiyejali hahangaiki kutunga uongo. Alikaa chini, akanunua kadi, akafikiri ni kitu gani ningependa kusikia, na alipatia. Nikataka kumwona mtu huyo. Nilipofika akaniuliza kama nimekitazama tena, na alikuwa na hofu usoni, nikasema hapana. Ningemwambia baadaye. Kila Jumapili nilisema, leo."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Miaka thelathini na sita, wawili hao, kila mmoja ameshika mkononi kitu kilekile na kumficha mwenzake, wakizungumza habari za mvua. Sikuona uzuri wowote katika hilo siku ile, na leo pia sioni sana. Niliona hasara. Nilimkasirikia Len ndani ya sanduku lake, nikamkasirikia na huyu aliyesimama mbele yangu, nikajikasirikia mimi niliyekunja taulo badala ya kutupa moja na kusema, semeni nyie!

Mama wa ibada akabonyeza kitu, pazia likaanza kufunga polepole mbele ya jeneza. Bridget akaweka mkono juu ya mbao, mara moja, akautoa. Watu wakaanza kuinuka. Nilikuwa bado na ngazi, na kile kipandio cha juu kilikuwa kimenibana kidole mpaka kikavimba. Bridget akaliona hilo. Akashika ncha ya nyuma ya ngazi, mimi nikashika ya mbele, tukatoka nayo kwa mlango mkubwa, kofia kichwani mwangu, watu wakitupisha.

Nje njia inagawanyika mara mbili. Upande mmoja ni maegesho ya magari, upande wa pili ni bustani wanakoweka majivu. Mimi nilikuja kwa treni, sikujua gari lake liko wapi. Nikasimama, nikageuza kichwa kumwuliza, kama mtu yeyote aliyebeba kitu kirefu angemwuliza mwenzake.

"Kushoto au kulia?"

Maneno yalipokwisha kutoka ndipo nikayasikia. Nikataka kuomba radhi. Bridget alikuwa amenitazama mdomo, na mdomo wake mwenyewe ukaanza kucheza pembeni, kisha akacheka. Kicheko chake kilikuwa cha baba yake, kilekile, kilichoanzia puani. Alicheka mpaka akaiachia ngazi ikagonga lami, akakaa kwenye ukingo wa njia na sketi yake nyeusi, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, na hapo ndipo alipoanza kumlilia baba yake. Nikavua kofia, nikakaa naye chini.